Mchumba Aliyelala Sakafuni

Sura ya Kumi na Moja

Mwanamume anayejiandaa kukutana na mama mkwe kwa mara ya kwanza hufanya mambo ya ajabu. Kuna anayenunua viatu vinavyombana vidole. Kuna anayesimama mbele ya kioo akikariri salamu mpaka jasho linamtoka. Seremala wetu alichukua kisaa chake cha kengele, akakichomoa betri na kukitumbukiza kwenye droo ya misumari.

Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa kosa. Kwa watu wa kituo kile, hakukuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Kila aliyelazwa pale alikuwa ameletwa na maumivu sugu, yale yanayobaki mwilini miaka na miaka hata baada ya kidonda kupona na mfupa kuunga. Na kila mmoja, siku ya kwanza tu, alivishwa kisaa shingoni. Kikilia, unaacha unachofanya na kupumzika, hata kama unajisikia kuhamisha nyumba. Muda wa mapumziko ukiisha, unarudi kazini taratibu, hata kama mwili unanung'unika. Kocha, yule mama mfupi wa mazoezi ya viungo, alikuwa na msemo wake.

"Mimi siku zenu mbaya haziniogopeshi," alizoea kuwaambia. "Naogopa zile nzuri. Mtu anaamka hana maumivu, anafua nguo za ukoo mzima, kesho yake ananiita nimgeuze kitandani."

Jumatano Seremala alipata siku nzuri. Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi, Msusi, mchumba wake na mgonjwa mwenzake, alimkuta kwenye karakana ya kituo amelala chali katikati ya maranda, magoti ameyakunja, mkono mmoja umeng'ang'ania mguu wa meza.

"Usicheke," alisema Seremala.

Msusi hakuwa akicheka. Roho ilikuwa imemruka.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimejilaza."

"Umejilaza au umelazwa?"

"Nilijilaza mwenyewe, kwa heshima zangu zote, dakika moja kabla mgongo haujanilaza."

Pembeni yake kilisimama kiti. Msusi alikiona, akasahau alichotaka kusema. Kilikuwa kiti kirefu cha mbao nyekundu, chenye egemeo fupi la kiuno na ubao wa kuwekea mguu. Chini ya kikalio palikuwa na kigingi cha kukipandisha na kukishusha. Msasa ulikuwa umepita kila mahali, hata chini ambako hakuna mteja atakayewahi kuchungulia. Alielewa mara moja. Kwa kiti kile angeweza kusuka ameketi, mikono ikiwa chini ya mabega, bila kuinamisha shingo. Shingo hiyo ndiyo iliyomfungisha saluni yake miaka mitatu iliyopita, alipoteleza kwenye ngazi akiwa na beseni la maji.

Moyo wake ukafurahi na kukasirika kwa wakati mmoja, na hasira ikatangulia kupata maneno.

"Jana jioni nilikuuliza umepumzika mara ngapi."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mara nne."

Seremala akatazama dari.

"Ulipumzika mara ngapi?"

"Nilikunywa maji."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Na nilikunywa nimesimama."

"Kisaa chako kiko wapi?"

Macho yake yakamsaliti, yakakimbilia kwenye droo. Msusi akaivuta. Kisaa kilikuwa kimelala kati ya misumari ya inchi tatu, tumbo wazi, hakina betri. Angekuta barua ya mwanamke mwingine asingeumia hivyo.

"Umenidanganya," alisema, sauti ikiwa chini.

"Nilitaka mama akute kiti kimekwisha." Seremala alijaribu kuinua kichwa, akakunja uso, akakirudisha. "Nilitaka akija akute mwanamume."

"Sasa atakuta nini?"

Akajitazama, kifua chote kimejaa vumbi la mbao.

"Maranda," alikiri.

Msusi alibana midomo ili asitabasamu. Alikuwa na haki ya kukasirika na hakutaka kuipoteza haraka hivyo. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiihesabu kwa vidole. Saa nne kamili kilikuwa kikao cha familia. Mama yake alikuwa anakuja kukaa na wataalamu wote, na mwisho wa kikao angesema neno lake juu ya ndoa. Kwenye simu walishalizungumza mpaka betri zikawaishia.

"Mwanangu, mimi sikukatazi kuolewa," mama alikuwa akisema. "Nakuombea usiku na mchana uolewe. Lakini wewe shingo, yeye mgongo! Ndoo ya maji ataibeba nani?"

Kwa miaka mitatu Msusi alikuwa amelala chumba kimoja na mama yake, kama mtoto wa shule. Mama alimwogesha, akamsuka, akamkatia nyama kwenye sahani na kumfungia kamba za viatu. Kwa mapenzi matupu, wala asikwambie mtu. Na sasa mama alitaka wiki nane za kituo zikiisha, amrudishe kwenye kitanda kile kile. Msusi alikuwa na miaka thelathini na minne na angeweza kuondoka na begi lake bila kumuuliza mtu. Lakini kuolewa bila radhi ya mwanamke aliyemwosha miguu miaka mitatu, hilo hakuliweza. Alikuwa ameshamwambia Seremala waziwazi: mama akikataa, hakuna harusi.

Ndiyo maana mwanaume wa watu alikichomoa kisaa betri.

"Kadi yako iko wapi?" aliuliza Msusi.

"Mfuko wa shati."

Akapiga goti, kwanza moja, kisha la pili, kama alivyofundishwa, akachomoa kadi ya njano iliyoandikwa juu yake *Mpango wa Siku Mbaya*. Kila mgonjwa aliandika ya kwake kwa mkono wake, siku ambayo ana akili zake, ili siku ya kuchanganyikiwa asome tu. Vidole vyake viligusa kifua cha Seremala kupitia kitambaa cha shati. Moyo wa mwanaume ulikuwa unakwenda mbio.

"Unaogopa," alisema Msusi.

"Sana."

"Unaogopa mgongo?"

"Mgongo nimeuzoea. Namwogopa mama yako."

Wakatazamana. Seremala alikuwa na macho ya kahawia hafifu, na kila akimtazama Msusi yalitulia kana kwamba yamefika nyumbani. Hivyo ndivyo alivyomtazama wiki ya kwanza kabisa, kwenye chumba cha chakula. Kituo kilikuwa na sheria: marufuku kuulizana unaumwa kiasi gani. Ukitaka kumjulia hali mwenzako, muulize amefanya nini leo. Seremala akaja na sahani yake, akaketi mbele yake, akamuuliza. Msusi, ambaye miaka mitatu hakuna aliyemuuliza lolote ila maumivu, alifikiri kwa muda mrefu kisha akajibu, "Nimefunga kamba za viatu vyangu." Mwanaume yule akaweka kijiko chini akapiga makofi, peke yake, mbele ya chumba kizima, mpaka watu wakageuka. Msusi aliona aibu kama msichana. Usiku ule alilala na tabasamu, na shingo ikiwa inawaka moto vile vile.

"Soma," Seremala alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"'Weka miguu juu ya kiti, magoti yapinde.'" Msusi akavuta kiti cha plastiki kwa mguu wake, akampandishia miguu mmoja mmoja. "'Pumua kwa tumbo. Jiambie: hakuna kilichovunjika.' Jiambie."

"Hakuna kilichovunjika."

"'Baada ya dakika ishirini, inuka kwa ubavu, usiinuke moja kwa moja.' Na hapa chini umeandika nini? Mwandiko gani huu?"

"Nimeandika, mwite Msusi."

Msusi akautazama tena mwandiko ule. Kadi ile iliandikwa wiki ya tatu. Wiki ya tatu walikuwa bado wanaitana mheshimiwa na bibie, bado wanajitia hawaonani.

"Wewe!" alisema, na hasira yote ikamwishia njiani. Alivua kisaa chake shingoni, akakitegesha dakika ishirini, akakiweka juu ya tumbo la Seremala. Kisha akainama kumwondolea maranda kwenye nyusi. Shingo ilimchoma kidogo, akabadili mkao. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba alisikia pumzi yake shavuni.

"Ukinidanganya tena..." alianza kusema.

Mlango ukafunguliwa.

"Hapa ndipo nilipoelekezwa," ilisema sauti ambayo Msusi aliijua tangu tumboni. "Wamesema upo kara..."

Mama alikuwa amefika saa nzima kabla ya wakati. Begani alikuwa na mito miwili, mkononi kikapu chenye chupa ya maji ya moto na dawa ya kuchua, ile inayonuka mpaka barabarani. Alimwona binti yake amepiga magoti sakafuni. Akamwona mwanaume amelala chini yake, miguu juu ya kiti, saa juu ya tumbo.

"Huyu ndiye?" aliuliza mama.

"Ndiye, mama."

"Mbona amelala?"

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya Seremala kutoka sakafuni.

"Marahaba," mama alijibu kwa mazoea, kisha akashtuka. "We kijana, unaniamkia umelala?"

"Nisamehe sana, mama. Nilipanga kukupokea getini."

"Na nini kimekuzuia?"

"Mgongo, mama."

Mama alimgeukia Msusi. Hakusema *si nilikwambia*. Hakuhitaji, uso wote ulikuwa umeshalisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mama na mtu alikuwa chini, akatupa mito, akaweka kikapu, akakunja mikono ya gauni.

"Haya, shika kwapa lile, mimi nashika hili, tumnyanyue. Halafu nimchue. Dawa hii..."

"Mama, usimguse."

Msusi hakupandisha sauti, lakini mama alisimama hapo hapo, mikono hewani. Katika miaka mitatu binti yake hakuwahi kumwambia usi-chochote.

"Ana mpango wake," Msusi aliendelea, taratibu. "Zimebaki dakika kumi na sita. Kisaa kikilia atainuka mwenyewe. Tukimvuta sasa tutamwumiza, na mwili wake utaogopa zaidi. Keti, mama. Ngoja nikuletee kiti."

Akaweka mkono mmoja juu ya goti, akavuta pumzi, akainuka. Akaenda ukutani, akabeba kigoda kwa mikono miwili, amekikumbatia karibu na kifua, akakileta.

Mama hakukaa. Alikuwa amemkodolea macho.

"Umeinukaje?"

"Wapi?"

"Hapo chini. Umeinukaje?"

"Kwa miguu, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mama akaketi. Mara ya mwisho kumwona mwanawe akiinuka sakafuni, walikuwa wawili wa kumnyanyua, na alilia mpaka jioni.

Hapo ndipo Kocha alipoingia, akaona hali ilivyo, akashika kiuno.

"Nani kakuua?"

"Siku nzuri," alisema Seremala.

"Kisaa?"

"Kwenye droo," alichongea Msusi.

"Lo! Mtu mzima huyu!" Kocha alichuchumaa, akamwangalia, akamuuliza hili na lile, akamwambia asogeze vidole vya miguu. Vyote vilisogea. "Hana kitu. Misuli imekasirika tu. Mama, karibu sana, usishtuke. Huyu ni mzima, ila ni mbishi."

Kilichofuata hakijawahi kutokea kwenye kituo kile. Mama alikuwa ameshafika, Seremala hainuki, na Msusi alisema kikao bila Seremala hakitaki. Basi Kocha akakiongezea kisaa nusu saa, akawafuata wenzake, na kikao kikahamia karakana. Daktari alikuja na faili lake. Mshauri, yule mzee mpole wa mambo ya moyo na fikra, alikuja na kiti mkononi. Wakaketi wote kumzunguka mwanaume aliyelala, na ungewaona usingejua kama ni hospitali au ni watu wanaoota moto.

Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Mnakaa hivi kila siku? Pamoja?"

"Kila Jumatatu, mama," Daktari alisema. "Na mgonjwa mwenyewe anakaa nasi. Hatuna tunachomsema akiwa hayupo."

Mama akatikisa kichwa. Alikuwa amezunguka na binti yake hospitali saba. Huyu anasema apumzike, yule anasema atembee, wa tatu anasema ni mawazo tu. Hakuna aliyewahi kusoma alichoandika mwenzake.

"Sasa nijibuni mimi mama yake," alisema. "Atapona?"

Msusi alishika pindo la gauni lake. Swali hilo aliliogopa kuliko mengine yote.

"Maumivu yanaweza yasiishe, mama," Daktari alijibu bila kuzunguka. "Shingo yake imepona zamani, picha zote zinaonyesha. Lakini mwili umezoea kupiga kelele, kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Tunamfundisha mbwa huyo kutulia. Atabweka siku moja moja."

"Na jana," Kocha alidakia, "binti yako alimsuka muuguzi kichwa kizima. Saa mbili na nusu, kwa vipande vya dakika ishirini."

"Kichwa kizima?"

"Cha mistari midogo," alisema Msusi, na hakuweza kuficha fahari yake.

Mama alifunga macho kidogo. Alipoyafumbua, aliyageuzia sakafuni.

"Na wewe. Nimesikia habari ya droo. Ulificha kisaa kwa nini?"

"Nilitaka kumaliza kiti, mama. Usinione mgonjwa."

"Kwa hiyo ukajiumiza, ili mimi nisijue kwamba unaumwa."

"Ndiyo, mama."

"Huo ni ujinga."

"Ni ujinga, mama."

"Ujinga mtupu." Mama alisema hivyo. Akaanza kulisugua goti lake la kulia, polepole, bila kujua kwamba analisugua. Mshauri, ambaye hakuwa amesema neno tangu aketi, aliuona mkono ule.

"Goti hilo lina muda gani, mama?" aliuliza.

"Goti gani?"

Mshauri hakujibu. Alingoja tu, kwa ule upole wake unaomtoa nyoka pangoni.

"Mwaka wa pili huu," mama alisema mwishowe.

Msusi aligeuka.

"Mama?"

"Si kitu. Ni zile ndoo za maji ya kuoga tu. Kuzipandisha ngazi."

"Maji yangu ya kuoga?"

"Sasa ungeoga na nini?"

"Mwaka wa pili! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa nisikuogeshe!" Maneno yalimtoka mama kwa kishindo, na machozi yakafuata nyuma. "Ungekataa, nakujua. Ungejikaza uoge mwenyewe, uanguke tena. Na mimi asubuhi nikiamka ningefanya nini? Miaka mitatu nikiamka najua kazi yangu ni wewe. Huyu anataka kukuchukua, sawa. Ndoo atabeba nani, nauliza hivyo, lakini..." Akajifuta kwa kiganja. "Lakini swali langu si ndoo."

Msusi alikuwa ameshafika miguuni pake. Akamkumbatia kiunoni, kichwa kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu augue, yeye ndiye aliyembembeleza mama yake.

"Nisamehe, mama. Sikuona."

"Nilikuficha vizuri."

"Wote wawili mnaficha. Wewe na yeye. Mnanipenda mpaka mnaniona kipofu."

Kutoka sakafuni Seremala alikohoa kidogo.

"Mama, naomba niseme."

"Sema. Huendi popote."

"Kwenye ndoo, tumeshazungumza. Tutabeba nusu nusu. Ndoo nusu yeye, ndoo nusu mimi. Tutachelewa kuoga, lakini tutaoga."

Kocha alitazama pembeni, mabega yakimtikisika.

"Na siku wewe umelala na yeye amelala?" aliuliza mama, ukali wake ukiwa umeshaanza kulegea pembeni mwa mdomo.

"Tutalala, mama. Kisaa kikilia, tutaamka."

Mama alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka kwenye machozi, akajiziba mdomo na kiganja, na bado kikapita. Daktari akacheka, Mshauri akacheka. Mwenye kucheka sana alikuwa Seremala, mpaka akajishika ubavu na kulalamika kwamba wanamuumiza.

"Na hilo goti," Kocha alisema, "leo halitoki hapa bila kuangaliwa. Mama, utavua kiatu kwa hiari yako au nikulaze naye?"

"Ngoja kwanza." Mama alimshika Msusi kidevu, akamwinua uso. Alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyerudi safarini. "Hapa kila mtu amesema. Daktari amesema, mimi nimesema, hata aliyelala amesema. Wewe unasemaje? Usinipe jibu la kunifurahisha."

Msusi alisimama. Alimtazama mwanaume aliyelala kwenye maranda, nywele zimejaa vumbi, miguu kwenye kiti cha plastiki, anamtazama kwa macho yale yale ya chumba cha chakula. Hakuwahi kumwona akiwa amechakaa hivyo. Hakuwahi kumpenda hivyo pia.

"Namtaka, mama," alisema. "Huyu huyu. Siku akiwa amesimama na siku akiwa amelala. Nimechoka kuulizwa naumwa wapi, yeye huniuliza nimefanya nini. Nafungua saluni yangu, mlango kwa mlango na karakana yake. Nitakaa kwenye kiti hiki. Na asubuhi na mapema nitakuja kwako kunywa chai, si kuogeshwa. Chai nitaipika mimi."

Akamgeukia Seremala.

"Na wewe, ukikichomoa betri tena, narudi kwa mama na mito yangu yote miwili. Umesikia? Lakini leo jibu langu ni ndiyo. Ulisubiri niseme mbele ya mama. Nimesema. Nitaolewa na wewe."

Furaha haina adabu. Seremala alisahau mpango, akasahau ubavu na alivyoandika kwa mkono wake mwenyewe. Alisukuma kiti kwa miguu, akajirusha kuinuka moja kwa moja kama kijana wa miaka kumi na minane, mikono imefunguliwa kumkumbatia mchumba wake.

"Lala!" Daktari alipiga kelele.

"Lala chini!" akadakia Kocha, faili la Daktari likiruka.

"Lala!" akasema hata Mshauri, ambaye kituo kizima hakijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Lakini aliyewahi kumfikia alikuwa mama. Aliruka na goti lake bovu, akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akamrudisha kwenye maranda kama anavyolazwa mtoto, na sauti yake ikawazidi wote.

"Lala hapo, mkwe wangu! Unataka kuniharibia harusi?"